Kiti cha Mbele

Mtu akikuambia kupanga safari ni raha, muulize kama amewahi kuipanga na Bilhah, yeye akiwa hana pesa na mimi sina nguvu.

Mimi nilikuwa nimechoka hata kabla hatujaanza. Siku hizi naamka nikiwa nimechoka tayari. Nina majani ya chai ya kuchuma, nina ng'ombe wawili wa kukama, na nina mume, Kipkurui, ambaye mgongo wake umestaafu kabla yake mwenyewe. Kwa hivyo mtu akiniambia twende tutembee tuone nchi, mimi humuuliza, nchi gani tena? Na hii ninayoiinamia kila siku na kikapu mgongoni ni nini?

Lakini Bilhah si mtu wa kukataa ovyo ovyo. Ana kibanda cha kushona pale sokoni Mogogosiek, na amekaa nasi tangu alipoletwa na marehemu Ndung'u kutoka Nyandarua, msichana mwembamba asiyejua neno moja la Kipsigis. Sasa anakijua kuliko watoto wangu. Kipsang wangu na Jennifer wake walianza shule siku moja, wakalia siku moja, ndiyo maana yeye ananiita Mama Kipsang na mimi namwita Mama Jennifer. Ukisikia tumeitana majina ya ubatizo, jua kuna mtu amekasirika.

Siku moja nilikuwa nimempelekea ile aproni ya plastiki ninayovaa nikichuma chai, imepasuka kiunoni. Akaipokea, akaiweka kwenye cherehani, halafu akasema bila kuinua kichwa:

"Jennifer anakuja kunichukua mwisho wa mwezi."

"Kukuchukua kukupeleka wapi?"

"Kwake, Ol Kalou. Amenijengea chumba. Haya magoti hayakanyagi tena hii mashine, Mama Kipsang. Unaona mwenyewe nashona kama mlevi."

Nilikasirika, wacha niseme ukweli. Sikumkasirikia Jennifer, huyo ni mtoto mzuri. Niliyakasirikia yale magoti. Nikamwambia aende basi, watu wote si huenda, na mimi nitabaki kushonewa na hawa vijana wanaoshona suruali mguu mmoja ukiangalia Bomet na mwingine Kisii. Akacheka kidogo. Halafu akaacha kucheka.

"Kabla niende nataka kitu kimoja. Ile barabara ya Kericho kwenda Londiani. Nataka niipite mchana, nimekaa kiti cha mbele, naangalia nje."

Mtu mwingine angemshangaa. Watu hutoka Nairobi na kamera zao kuja kuitazama barabara hiyo, chai huku na chai kule imelala sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi, halafu misitu, halafu vilima. Na huyu mama amekaa karibu nayo miaka yote hii hajaiona? Ndiyo, hajaiona. Wakati Ndung'u alikuwa hai walisafiri na basi la usiku, maana Ndung'u aliamini mchana ni wa kazi. Na mara moja tu aliyoipita mchana, alikuwa chini ya turubai.

Ilikuwa ile Januari ya vurugu za uchaguzi, 2008. Watu wa kwao walikuwa wanafukuzwa. Mimi na Kipkurui tuliwasindikiza shamba kwa shamba mpaka penye lori la kabeji, wakalala juu ya kabeji, yeye na Ndung'u na Jennifer, turubai likafungwa juu yao kwa kamba. Cherehani yake niliificha ghalani chini ya mahindi. Miezi ikapita, wakarudi, nikaitoa, nikaipanguza, akaendelea kushona pale alipoachia. Hatukuongea sana juu ya mambo hayo. Tulichokiona tulikiona. Lakini tangu siku hiyo Bilhah akienda kwao hupitia Bomet na Narok. Husema nauli ya upande huo ni nafuu. Si kweli, na mimi sijawahi kumbishia.

Siku hiyo ya aproni ndiyo aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia.

"Lori lilisimama mahali. Baada ya Kericho, sijui ni wapi. Tulikuwa na kiu mpaka Jennifer alikuwa analamba kabeji. Halafu mkono ukaingia chini ya turubai, na kikombe cha bati. Chai ya maziwa, moto. Mama wa huko. Akasema kwa Kipsigis, kunywa kwanza, mtu hapiti hivi hivi. Niliona vidole tu, vyeusi kama vyako hivi, vya kuchuma majani. Uso sikuuona. Barabara sikuiona. Sitaki kwenda kufa Ol Kalou nikiijua hiyo njia kwa harufu ya kabeji."

Nikamwambia, "Utaiona. Hata kama ni kukubeba mgongoni."

Hiyo ndiyo safari yenyewe. Si Mombasa, si Maasai Mara. Ni mwendo ambao gari zuri linaweza kuumaliza kabla chai yako haijapoa. Na bado ilitutoa jasho.

Tulianza na gari. Kepher Nyagaka, Mkisii mmoja mwenye watoto sita na Probox moja, hubeba maziwa yetu kila asubuhi. Alisema akimaliza maziwa atatupeleka, tumjazie tu mafuta na tumlishe, na arudi na mimi kesho yake. Jennifer kwenye simu akafurahi. Alisema akitupata pale njia panda ya Londiani atakuwa ameokoa mafuta mengi, badala ya kushuka mpaka Mogogosiek. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa. Ikabaki mahali pa kulala.

"Lodging ni pesa," Bilhah akasema.

"Lodging ya nini? Dada yangu Chemutai si ameolewa Londiani? Tutalala bure na tutakula bure."

"Basi tufike tu. Usimpigie simu, Mama Kipsang."

"Nitaingiaje kwa mtu kama mwizi? Lazima niseme."

Nikapiga simu. Woi, mimi na mdomo wangu! Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa, na nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua. Ukitangaza kwamba utapita, safari si yako tena. Chemutai hakungoja hata simu yangu ikatike vizuri, akampigia mjomba wetu wa Roret, na mjomba akampigia binamu yetu Rebeccah wa Brooke, na kabla jua halijatua simu yangu ilikuwa moto kama pasi.

"Kwa hivyo Chemutai ndiye ndugu," Rebeccah akasema, "na sisi wengine ni miti."

"Si hivyo, Rebeccah. Tunapita tu."

"Mtapita mkiwa mmekunywa chai. Nitasimama barabarani."

Mjomba yeye hakuuliza. Alisema kuku amekamatwa. Roret haiko hata njiani, ukifika Litein inabidi uiache njia ya Kericho uende upande mwingine kabisa, lakini utamwambia nini mzee wa umri ule? Kwamba unapita Litein na humwoni? Utalaaniwa mpaka ng'ombe wako.

Kipkurui alikuwa amelala chali akisikiliza simu zote hizo. Akacheka mpaka mgongo ukamshika.

"Mlitaka kuona barabara," akasema. "Sasa mtaona sufuria."

Na huendi kwa watu mikono mitupu. Sukari, mkate, mafuta ya kupikia, kila nyumba na mfuko wake. Zile pesa za lodging tulizojisifu tumeziokoa, ziliishia dukani. Bilhah alikuwa akifunga mifuko ile bila kusema neno, na mimi nilikuwa nangoja tu aseme neno moja nimrukie. Hakusema.

Nikampa mpango. Tutoke Kepher akishusha maziwa tu. Roret, tunasalimia tumesimama. Brooke, tunakunywa kikombe kimoja. Tuwe tumeipita Kericho kabla ya saa sita, maana mvua ya Kericho haihitaji redio kukutangazia. Mchana ukigeuka tu, iko. Asubuhi ni ya macho, alasiri ni ya mwavuli. Kila mtu anajua hivyo.

"Sawa," Bilhah akasema. "Wewe ndiye dereva wa haya mambo."

Asubuhi hiyo alitokea amevaa rinda jipya la samawati alilojishonea mwenyewe, la mwisho kutoka kwa ile cherehani. Cherehani ilikuwa sebuleni kwangu tangu jana yake. Safari ile ya kwanza aliniambia niitunze atairudia. Safari hii aliniambia mahali pa kutia mafuta.

Alikaa kiti cha mbele. Kabla hajafunga mlango alitoa kitambaa, akapangusa kioo cha dirisha lake ndani na nje, maana kilikuwa na matone ya maziwa. Akakipangusa tena. Mimi nilikaa nyuma na mifuko ya sukari na begi zake mbili. Nilikuwa na uchungu ambao nilikuwa nauita uchovu.

Roret hatukusalimia tumesimama. Kuku alikuwa amekamatwa kweli, lakini hakuwa amechinjwa, maana mjomba alitaka tumwone kwanza akiwa hai. Alichinjwa, akanyonyolewa, akachemshwa, na kuku wa kienyeji si kuku wa mchezo, ukimharakisha anakushinda meno. Tukangoja. Mjomba akauliza habari za kila mtu wa Mogogosiek, wa juu na wa chini ya ardhi. Mke wa mjomba akaleta albamu kumwonyesha Bilhah rinda la harusi la binti yake, ambalo Bilhah ndiye alilishona.

"Umeona mikono yako?" akamwambia. "Mpaka leo watu wanauliza nani alishona."

Bilhah akaishika ile picha karibu na macho, akaitazama, akauliza habari za huyo binti, na za watoto wake, na huyo mdogo kama ameanza kutembea. Mimi nilikuwa nikiangalia kivuli cha nyumba pale uani kikifupika. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake, akaendelea kuuliza.

Halafu maombi. Mjomba aliomba kwa Kipsigis, akaombea gari, akaombea dereva na tairi moja moja, akafika kwa Bilhah akamwita binti yetu anayetuacha, na hapo sauti yake ikakatika. Mzee mzima. Tukangoja apate pumzi. Ningekuwa na roho nzuri ningelia. Lakini nilikuwa nawaza Kericho.

Tulipotoka pale jua lilikuwa utosini.

Brooke, Rebeccah alikuwa barabarani kama alivyoapa. Si kando ya barabara, barabarani, na mwavuli ameufungua ingawa mvua haijaanza. Kepher alikanyaga breki mpaka mkate ukanigonga kisogoni.

"Huyu mama ataniulia bima!" Kepher akasema.

"Rebeccah, tumechelewa," nikamwambia hata kabla sijashuka. "Tupe chai tunywe tukiwa kwa gari."

"Kwa gari? Kwani nyinyi ni polisi?"

Tukaingia. Alikuwa ametoa mursik, yale maziwa yetu ya kulala kwenye kibuyu, yenye mkaa na uchachu wake, na huwezi kumwambia mtu aliyeyatunza juma zima kwamba huna nafasi. Akaleta na ugali. Akaleta na mboga. Bilhah alikunywa polepole kama mtu anayeonja dawa, akasifu, akaongezewa. Kepher, huyo msaliti, alikula mpaka akafungua mshipi. Nje nikasikia bati limegongwa mara moja. Halafu mara ya pili. Halafu mvua ya Kericho ikafika na watu wake wote.

Kwenye gari nilishindwa kunyamaza.

"Bilhah, kwa nini hukusema kitu? Hata neno moja? Wewe ndiye ulitaka hii barabara!"

"Ningesema nini, Rodah? Mtu amekuchinjia kuku, umwambie naomba niende kuangalia miti?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo!"

"Wewe ni wa kwao na hukusema."

Hapo alinipata. Nikaangalia mvua. Yeye alikuwa amekigeukia kioo chake, anakipangusa kwa ndani, lakini maji yalikuwa nje. Chai ilikuwa pale, huku na kule, unajua tu iko kwa sababu kuna kijani kinatiririka kwenye kioo. Alikuwa ameegemea mbele, paji la uso karibu na dirisha, kama mtoto aliyefungiwa ndani.

"Itapungua," Kepher akasema.

Ilipungua kweli. Tulipopita Chepsir mvua iliacha kabisa, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu, nikasema asante Baba, angalau kipande kilichobaki. Sikumaliza sala. Ukungu ulitoka msituni ukavuka barabara kama ng'ombe wasio na mchungaji, ukajaa, ukatufunika. Mti wa karibu ulipotea. Halafu ukingo wa lami ukapotea. Kepher akawasha taa, zikaupiga ule weupe zikaturudia. Akaenda kidogo kwa kunusanusa, akasimamisha gari kando, penye geti la mbao la nyumba ya mtu.

"Mama, mimi nina watoto sita," akasema. "Siendi mbele. Tungoje."

Tulisikia tu maji yakidondoka kutoka kwa miti.

Na mimi nikalia. Sijui ilitoka wapi. Nililia kwa hasira, mtu mzima mwenye wajukuu, kamasi na yote. Nikasema, "Miaka yote hii. Kitu kimoja tu ameniomba. Kitu kimoja! Nikampeleka kula kuku. Nimempitisha hii barabara chini ya turubai mara ya pili."

"Rodah," Bilhah akasema.

"Usiniambie Rodah. Mjinga wewe, nawe unaenda, na nani atanishonea, na nani nitaongea naye? Kipkurui? Kipkurui anaongea na dari!"

Alitaka kugeuka anishike mkono, lakini magoti yalimkatalia, akabaki ameunyoosha mkono nyuma ya kiti, vidole vinanitafuta. Nikavishika. Kepher akawasha redio, akaizima.

Hapo ndipo tukasikia geti. Msichana alitoka kwenye ukungu, amejifunga leso kichwani, mwavuli kwenye kwapa, thermos mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Sidhani alikuwa amefikisha miaka ishirini. Akaja moja kwa moja kwenye dirisha la mbele, akagonga.

"Hapana!" nikasema. "Hapana, mwambie aende. Ile tumekunywa leo inatosha mpaka Krismasi. Kepher, mwambie hatutaki!"

Kile kioo cha Probox kilikuwa hakishuki vizuri, lazima ukisukume kwa kiganja. Bilhah akakisukuma kwa mikono miwili mpaka kikashuka. Baridi ikaingia, na harufu ya moshi wa kuni.

"Chamgei," msichana akatusalimu. "Gari imeharibika?"

"Haijaharibika," Bilhah akamjibu kwa Kipsigis. "Ni ukungu tu. Tunangoja upungue, halafu tupite."

"Ee. Lakini kunyweni kwanza. Mtu hapiti hivi hivi."

Akamimina. Kikombe kilipita dirishani, kikifuka mvuke, na vidole vilivyokishika vilikuwa vyeusi pale kwenye ncha, kwenye kidole gumba na cha shahada, kama vyangu, kama vya kila mwanamke wa huku aliyeamka na kikapu. Bilhah hakukipokea mara moja. Alivitazama vile vidole. Halafu akainua macho polepole, akamtazama yule msichana usoni, akamtazama kweli, mpaka msichana akaona haya akacheka.

"Unaitwa nani?"

"Chepng'eno."

"Nani amekutuma, Chepng'eno? Mama yako?"

"Mama yuko kwa majani. Hakuna mtu amenituma." Alishangaa kuulizwa. "Niliona gari imesimama."

Bilhah akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Kongoi," akasema. Asante. Akalirudia neno hilo, na tena, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni bila sauti. Msichana alitutazama sisi wengine kama anayeuliza amekosea wapi. Mwaka ule wa lori mtoto huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nami nikapokea kikombe changu. Nikakinywa chote, na nilikuwa nimeshiba mpaka kooni.

Msichana aliporudi ndani, Bilhah hakukipandisha kioo.

"Umemwona uso?" akaniuliza.

"Nimemwona."

"Ana mwanya."

"Ee, ana mwanya."

Nikasema, kwa sababu nilitaka sana iwe hivyo, "Basi angalau safari haikupotea, Mama Jennifer. Umepata ulichotaka."

"Hapana," akasema. "Usiniambie hivyo. Huyo msichana nimemwona na nimefurahi, nitamkumbuka mpaka nife. Lakini barabara nilitaka kuiona na sijaiona. Inaniuma. Wacha iniume, usiipake sukari."

Sikuipaka. Tulifika kwa Chemutai kwa mwendo wa konokono, tukala tena, tukalala kitanda kimoja tukiwa tumepeana migongo. Alikuwa akikoroma. Nilimsikiliza akikoroma nikaona hata hiyo nitaikosa.

Asubuhi nilitoka nje kabla ya wote. Ukungu. Nikasimama uani kwa dada yangu nikautukana kwa lugha zote ninazozijua, na haukutoka. Nilikuwa na mpango bado. Jennifer akija nitamwomba arudi nyuma kidogo tu na mama yake, hata mpaka Kedowa, jua likiwaka. Lakini Jennifer alifika njia panda mapema, amevaa nguo za kazi, zamu yake ya mchana inamngoja, macho mekundu kwa kuendesha tangu gizani. Nikafungua mdomo kumwomba. Bilhah akanitazama na kutikisa kichwa.

"Mtoto amechoka," akasema.

Jennifer alinikumbatia akaniita mama. Bilhah alikaa kiti cha mbele cha gari la bintiye, akashusha kioo, akanipa kile kitambaa cha kupangusia dirisha.

"Mama Kipsang, ile mashine usiiache ikapata kutu."

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, unapitisha baridi."

Wakashika njia ya Mau Summit. Nilisikia gari muda mrefu baada ya kutoliona.

Na unajua nini? Hatujafika hata mbali, mimi na Kepher, kiti cha mbele nimekaa mimi sasa, nikaona ukungu unapasuka. Ulipasuka kama mtu anafungua pazia. Jua likaingia msituni, matone yakawaka kwenye majani, na kule mbele, bondeni, nikaona ukingo wa kijani unaanza, umeoshwa, umenyooka, unapanda kilima na kushuka.

Nikafumba macho.

"Mama," Kepher akasema baada ya muda, "umelala?"

"Sijalala."

"Basi angalia! Leo iko wazi mpaka unaona moshi wa viwanda. Unakosa kitu."

"Najua ninachokosa. Endesha gari."

Akaendesha. Mimi nilikuwa nimekishika kile kitambaa mapajani. Barabara ilipinda nikaegemea huku, ikapinda nikaegemea kule, sikufungua. Haikuwa yangu. Tungeiona wawili au tusiione.

Simu ikalia. Niliipapasa kwenye mfuko, nikaiweka sikioni.

"Mmefika wapi?" Bilhah akauliza. Nilisikia upepo wa dirisha lake. "Huko kukoje? Jua limetoka?"

Kepher alipunguza mwendo. Nilijua ananiangalia.

"Jua gani?" nikamwambia. "Ni ukungu mtupu huku. Hata pua ya gari siioni."

"Aii, pole."

"Si ndiyo barabara hii? Ina maringo. Utarudi siku moja tuione."

"Nitarudi," akasema.

Tukaagana. Kepher akaongeza mwendo, na mimi sikufungua macho mpaka Kericho. Jua lilikuwa linanipiga usoni njia yote.